Moyo Uliokuwa Mtupu: Neno kwa Wazazi wa Askari na Majirani Zao



Katika sura ya Al-Qasas, ambayo ni sura ya 28 ya Kurani Tukufu, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za mama aliyemtia mtoto wake mchanga mtoni. Mama huyo ni mzazi wa Nabii Musa a.s. Farao alikuwa akiwaua watoto wa kiume wa Wana wa Israeli, na Mungu akampelekea mama huyo ufunuo ya kwamba amnyonyeshe mtoto, na atakapoingiwa na hofu juu yake amtie mtoni. Asiogope wala asihuzunike, kwani atarudishiwa mtoto wake, naye atafanywa kuwa miongoni mwa Mitume. Msomaji na alitazame vizuri jambo hili. Mama huyu hakubahatisha. Alipewa ahadi waziwazi, na aliyeahidi ni Yeye asiyevunja ahadi. Hata hivyo Kurani haifichi yaliyompata kulipopambazuka: moyo wake ulikuwa mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri yake, lau Mungu asingaliutia nguvu moyo huo apate kuwa katika waaminio.

Na ikiwa moyo wa mama aliyeahidiwa na Mungu mwenyewe ulikuwa mtupu, itakuwaje kwa mama ambaye hakuahidiwa lolote, ila mwanawe amempigia simu mara moja tu kutoka uwanja wa ndege, kisha kimya?

Nayasema haya nikiwafikiria hasa watu wa Kapalamsenga, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi, ambao kabla ya mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Ng'ambo ya maji yale ni Kongo. Watu wa mwambao ule hawana haja ya kufundishwa vita ni nini, maana wamewaona waliovuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia bunduki. Na katika mkoa wao huo huo zipo Katumba na Mishamo, walikopewa makao Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Vijana wa huko, kama vijana wa mahali pengine nchini, huenda Jeshi la Kujenga Taifa, katika kambi kama Bulombora na Mtabila za Kigoma au Milundikwa ya Rukwa, na baadhi yao huingia Jeshi la Wananchi. Mama mmoja wa mwambao huo, ambaye mwanawe ni askari, aliuliza: Je, kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto aliyeko kazini ni upungufu wa imani? Alikuwa ameambiwa hivyo na watu wa dini, naye akaona haya kulia mbele yao.

Jibu ni hapana. Kurani Tukufu imemtaja mama wa Musa kwa heshima, na moyo wake mtupu haukuhesabiwa kuwa dhambi. Lakini jibu hilo peke yake halimtoshi mama yule, wala halitutoshi sisi. Yapasa tuulize: baada ya Mungu kuutia nguvu moyo ule, nini kilifuata? Aya inayofuata inasema ya kwamba mama alimwambia dada yake Musa amfuate. Binti yule akatembea ukingoni mwa maji, akimtazama ndugu yake kwa mbali, na watu wa Farao hawakutambua. Na ni kwa njia ya binti huyo mtoto alirudishwa kifuani kwa mama yake ili jicho lake litulie. Mungu angaliweza kumrudisha mtoto pasipo dada. Walakini alipenda kwamba mama mwenye moyo mtupu awe na mtu wa kutembea ukingoni kwa niaba yake. Ndugu zangu, huyo mtu wa ukingoni ndiye ninayemtafuta Kapalamsenga.

Kabla sijaendelea, najua wapo wasomaji wageni wanaojiuliza swali jingine. Wamesikia ya kuwa Waahmadiyya hawaamini jihadi ya upanga, na sasa wanaona tunawahurumia wazazi wa askari. Je, hatujipingi wenyewe? La. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alifundisha ya kuwa ni haramu kuinua silaha ili kueneza dini, na ya kuwa jihadi ya zama hizi ni ya kalamu, ya hoja na ya kuzitakasa nafsi. Hakufundisha kamwe kwamba nchi isilindwe, wala kwamba raia avunje utii kwa serikali yake. Kuipenda nchi ni sehemu ya imani, na anayeilinda kwa amri ya serikali halali anatimiza wajibu. Zaidi ya hayo, sura ya Al-Hujurat inawaagiza waaminio ya kwamba makundi mawili yakipigana, yapatanishwe, na moja likizidi kufanya dhuluma lizuiwe kwa nguvu mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu, kisha wapatanishwe kwa haki. Askari aliyetumwa kusimama kati ya wanakijiji wa Kivu na watu wenye mapanga yuko karibu sana na maana ya aya hii. Mimi sioni aibu kumwombea.

Na kazi hiyo si ya mchezo. Wazee wanaikumbuka vita ya mwaka 1978 na 1979, pale majeshi ya Iddi Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba, nchi ikaita jeshi, mgambo, JKT, polisi na magereza, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Makaburi ya mamia ya askari wetu yako Kaboya, Muleba. Na kwa mzazi wa Katavi kwenda kusimama mbele ya kaburi hilo ni safari ndefu ambayo wengi hawakuijaliwa mpaka kufa kwao. Vijana wa zama hizi hutumwa mbali zaidi. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur walipokuwa katika kazi ya kulinda amani. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha Kongo, chenye Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Na tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa, wakauawa Watanzania wasiopungua 14. Tena mwezi Aprili 2024 wakafa watatu kwa kombora karibu na Goma, wakiwa katika jeshi la nchi za SADC, ambalo liliamriwa kuondoka mwezi Machi 2025. Nimezitaja tarehe hizi kwa sababu kila moja ni usiku ambao katika mamia ya nyumba za nchi hii wazazi walikaa na simu mkononi bila kujua kama jina la mwana wao limo katika orodha. Waliokufa tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai, na ni haki. Lakini hao wa usiku ule, ambao asubuhi waliambiwa kuwa wa kwao ni mzima, ni nani anayewakumbuka? Watu huwaambia, Mshukuru Mungu, na kwenda zao. Na kweli wanamshukuru. Ila usiku ule umebaki mwilini mwao, na utarudi kila redio inapolitaja jina la Kongo.

Wapo wenye kufariji vibaya, na Kurani Tukufu imetuonyesha sura yao. Nabii Yaqub a.s. alipompoteza Yusufu, huzuni ilimfunga kifua hata macho yake yakawa meupe. Wanawe walimwambiaje? Walimwapia kwa jina la Mungu kwamba hataacha kumtaja Yusufu mpaka augue au aangamie. Maana yake, Baba, tumechoka na habari hiyo. Hivyo ndivyo wasemavyo majirani wengi leo, ingawa kwa maneno laini zaidi: Jikaze, Mwachie Mungu, Mbona fulani ana wawili jeshini wala halii. Yaqub a.s. aliwajibu ya kwamba masikitiko yake huyapeleka kwa Mungu tu. Kisha, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, akawaagiza wanawe waende wakamtafute Yusufu na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Akamshitakia Mungu huzuni yake, tena akawatuma watu watembee. Hayo mawili hayapingani.

Na hapa niseme neno kwa akina baba. Kurani imechagua kutuonyesha machozi ya baba, naye ni Nabii. Katika vijiji vyetu mama hupewa ruhusa ya kulia japo kidogo. Baba hushona nyavu, huzibua mtumbwi, hutazama upande mwingine. Wengine huanza kugombana na kila mtu, na hakuna anayejua kwa nini. Baba huyo hafai kusahauliwa kwa kuwa tu amenyamaza.

Sasa tuitazame Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Zaid bin Khalid r.a., ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alisema kuwa anayemwandaa mpiganaji katika njia ya Mungu ni kama amepigana, na anayebaki nyuma yake akiwatunza watu wake kwa wema, huyo naye amepigana. Ujira wa aliyeko mstari wa mbele amepewa mtu ambaye hakutoka kijijini, bali alipeleka kuni na maji katika nyumba ya mwenzake. Nasi hatuhitaji hoja nyingine ya kuanza kazi hii. Lakini mifano ipo, na inapendeza.

Mwaka wa 8 wa Hijra, Jaafar bin Abi Talib r.a. alikufa shahidi katika vita ya Muta. Mtume s.a.w. hakumtuma mtu na habari hiyo. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mkewe Jaafar, Asma binti Umais r.a., akaomba aletewe watoto, akawakumbatia, na macho yake yakatoka machozi. Asma akafahamu kabla ya kuambiwa. Kisha Mtume s.a.w. akarudi kwa watu wa nyumbani mwake akawaagiza wapike chakula kwa ajili ya watu wa Jaafar, kwa kuwa limewafikia jambo linalowashughulisha. Tazameni mpango huo: kwenda mwenyewe, kuwashika watoto, kulia nao, kisha chakula. Hotuba haimo! Nasi masheikh na wahubiri tuliozoea kusema sana katika misiba tungefaa kulifikiria hilo.

Naye Hadhrat Umar r.a. imesimuliwa ya kwamba siku za ukhalifa wake, barua za askari zilipofika Madina, alizichukua mwenyewe akazigawa mlango kwa mlango, na mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusoma alisimama nje ya mlango akasoma yeye. Tena usiku mmoja alimsikia mwanamke akilalamika peke yake kwa ajili ya mumewe aliyekuwa vitani. Akamwuliza binti yake Hafsa r.a. mwanamke huweza kuvumilia muda gani, na baada ya jibu lake akaweka kiasi cha muda ambao askari asizidi kukaa mbali na nyumba yake. Kilio cha nyumba moja kikageuzwa kuwa kanuni ya jeshi. Hii ndiyo faida ya kuwasikiliza wanaobaki.

Mataifa mengine pia yamefikia jambo hili kwa njia ya machungu yao. Katika Marekani bibi mmoja, Grace Darling Seibold, alifiwa na mwanawe, mwanahewa, mwaka 1918. Alikuwa akienda hospitali za Washington kuwahudumia askari wengine waliojeruhiwa, na mwaka 1928 yeye pamoja na akina mama waliofiwa kama yeye wakaanzisha chama kilichoitwa kwa jina la nyota ya dhahabu, ambayo nyumba zilizofiwa ziliitundika dirishani. Mwaka 1942, katika Vita ya Pili ya Dunia, kikaanzishwa chama kingine cha nyota ya buluu, cha mama ambao wana wao wangali hai jeshini. Wao walitenganisha vyama viwili. Mimi kwa Kapalamsenga singependa mtengano huo. Mama aliyezika na mama anayengoja wakae mkeka mmoja, kwa kuwa wa kwanza anajua kitu ambacho wa pili anakiogopa, na kuogopa peke yako ni kuzito kuliko kuogopa karibu na aliyekwisha pita hapo akabaki na imani yake. Najua wapo watakaosema ni nuksi. Nuksi si mafundisho ya Uislamu.

Basi wakutane lini? Wavuvi wa dagaa wa ziwa lile hutoka na taa zao katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika, maana dagaa hawafuati taa. Siku hizo za mwezi mpevu akina baba wako nchi kavu. Baada ya sala ya Asri, chini ya mti au barazani, wakae. Wala wasianze kwa katiba, mhuri na ada. Sisi tukikutana watu watatu, wa nne hukimbilia kununua daftari la michango! Waanze kwa kusikilizana: kila mmoja aseme mtoto wake yuko wapi kwa kadiri inavyoruhusiwa, lini alipiga simu mara ya mwisho, na shamba lake la mpunga limebakia na mikono mingapi. Maana aliyekwenda jeshini mara nyingi ndiye aliyekuwa akivuta mtumbwi. Kijana wa jirani akivuta mtumbwi ule mara mbili kwa juma, hadithi ya Zaid bin Khalid imetendeka ufukoni.

Liko jambo jingine ambalo leo limekuwa hatari kuliko zamani, nalo ni uvumi. Picha ya maiti yenye sare hupita katika simu kutoka mkono hadi mkono, na kabla jua halijazama imekwisha pewa jina la mtoto wa mtu. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru tuchunguze habari iletwayo na mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na sura ya An-Nisaa imewalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu badala ya kuirejesha kwa wenye mamlaka. Kwa hiyo wazazi hawa na wakubaliane kwamba hakuna atakayeipeleka picha ya namna hiyo kwa mwenziwe. Badala yake kila nyumba iandike katika karatasi moja namba ya utumishi ya kijana, jina la kikosi chake, na majina ya watu aliowaandikisha jeshini kuwa ndugu zake wa karibu. Likitokea jambo, wazee wawili wanaoaminika waichukue karatasi hiyo, waende kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, waulize kwa njia iliyo sahihi. Mzazi asiende peke yake. Na mahali alipo kijana, na siku atakayosafiri, visitangazwe sokoni. Hiyo ni amana.

Pia asisahauliwe anayerudi. Wengi hurudi wazima wa viungo lakini hawalali, au hushtuka kwa mlio wa bati, au hukaa kimya mezani mpaka mama anajiuliza huyu ni nani aliyerudishiwa. Wazazi wengine husema amerogwa, na mali huanza kwenda kwa waganga. Huo si uchawi. Ni ugonjwa wa watu walioona mengi, nao una matibabu. Na mzazi ambaye mwanawe alipata hali hiyo akapelekwa hospitali akapona ana maneno ya manufaa sana kumwambia mwenziwe.

Mtaniuliza, je, Wakristo nao? Kapalamsenga iko jirani na Karema, ambako mapadre Wazungu walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, na wengi wa wazazi tunaowasema ni watu wa kanisa. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwapokea Wakristo wa Najran katika msikiti wake wa Madina, na wakati wa ibada yao ulipofika akawaacha wasali humo humo. Sisi tutashindwaje kukaa nao chini ya mwembe? Katika Semuliki hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya risasi. Kila mtu na aombe kwa namna aliyofundishwa, wala asiwepo wa kuugeuza mkutano huo kuwa mahali pa mabishano; kwa mabishano tunazo siku nyingine, na kurasa za gazeti hili zi wazi.

Na enyi wana wenyewe, mkisoma haya kambini: alikuja mtu kwa Mtume s.a.w. kuomba ruhusa ya kwenda vitani, naye akamwuliza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, akamwambia ajitahidi kwa ajili yao. Ninyi mmekwisha kwenda kwa amri ya nchi, wala hamwezi kurudi mpendapo. Lakini simu ya dakika mbili mnaiweza.

Nawaomba ndugu wa mwambao waanze mwezi mpevu ujao, hata wakiwa wazazi watatu tu. Na usiku, katika sala ya Tahajudi, wawataje vijana wao kwa majina, kila mzazi akianza na mtoto wa mwenziwe. Ee Mola wetu, Uliyemrudishia mama wa Musa mtoto wake, waangalie wana wetu walioko mbali, warudishe wakiwa na afya na imani, na wale uliokwisha kuwaita uwapokee kwa rehema yako. Amin.